Moshi hutangulia, tunda huamsha

Mpenzi msomaji, je, umewahi kuamshwa usiku wa manane na mlio kama wa bunduki kutoka jikoni mwako mwenyewe? Binamu yangu aliamshwa hivyo usiku mmoja wa Disemba, mjini Leeds, Uingereza, ambako anafanya kazi ya uuguzi. Alipowasha taa alikuta chupa moja ya bia aliyoitengeneza kwa mikono yake imepasuka, povu jeusi limeruka hadi kwenye dari, na kipande cha kioo chenye urefu wa kidole kimejikita katika mlango wa kabati. Mbele ya kabati hilo ndipo mtoto wake wa miaka minne huketi kila asubuhi kunywa uji.

Jumapili hii nataka tuzungumze kuhusu bia hiyo. Najua wapo wasomaji wa ukurasa huu wasiogusa kileo, wengine kwa ajili ya dini na wengine kwa hiari yao, nami sina nia ya kumshawishi mtu yeyote. Lakini kisa hiki kina funzo kuhusu ladha mbili ambazo sote twazijua, moshi na tunda, na kina funzo jingine kuhusu mama mmoja mzee wa Vihiga ambaye kwa miaka ishirini alidhani kwamba maarifa yake ni aibu tupu.

Kwanza tuelewane kuhusu sheria. Huko Uingereza, tangu mwaka wa 1963, mtu anaruhusiwa kutengeneza bia nyumbani kwake bila leseni wala ushuru, mradi ni ya kunywewa nyumbani na si ya kuuza. Ndiyo sababu ndoo na mabomba ya kazi hiyo huuzwa madukani waziwazi, na wafanyakazi wengi huifanya kama mchezo wa mwisho wa juma. Kwetu Kenya mambo ni tofauti. Sheria ya mwaka wa 2010 ya kudhibiti vileo, ambayo wengi wetu tuliizoea kwa jina la Sheria ya Mututho, iliondoa marufuku ya chang'aa, lakini inamtaka mtengenezaji wa kileo awe na leseni, na inakataza mtu aliye chini ya umri wa miaka 18 kuuziwa. Kwa hivyo makala haya si ruhusa ya kuficha pipa chini ya kitanda chako huko Umoja au Kayole.

Sasa turudi Leeds. Binamu yangu hutengeneza bia nyeusi, ile nzito yenye povu la rangi ya maziwa yaliyotiwa kahawa. Bia ya aina hii hutokana na shayiri iliyooteshwa kidogo kisha ikakaushwa, yaani kimea. Kimea husagwa na kulowekwa katika maji ya moto, na wanga wake hugeuka kuwa sukari. Maji hayo matamu huchujwa, huchemshwa pamoja na maua ya mmea uitwao hopsi ili yapate uchungu, hupozwa, kisha hutiwa hamira. Hamira hula sukari na kutoa vitu viwili: kileo na gesi. Mwishowe bia hutiwa kwenye chupa pamoja na sukari kidogo, kiasi cha gramu 6 kwa kila lita, ili hamira iliyobaki itoe gesi ya kuifanya itoe povu.

Shida ilianza alipopatwa na hamu ya nyumbani. Alisema ladha aliyoitamani ni ya jiko la mama yake: harufu ya kuni, ukali kidogo mdomoni, na kitu kilichoungua bila kuwa chungu. Wakati huohuo jirani yake, mzee mmoja Mwingereza, alikuwa amemletea kilo mbili za plamu kutoka bustanini mwake. Akaona avitumie vyote viwili kwa mpigo mmoja. Bia ikiwa bado inachacha katika ndoo ya lita 20, akamimina kijichupa cha maji yenye ladha ya moshi aliyonunua dukani, akatia na zile plamu alizozikatakata. Baada ya siku tatu aliona povu limepungua, akatia bia kwenye chupa, akaongeza sukari kama kawaida, akafunga, na kuzipanga karibu na kipasha joto.

Chupa ya kwanza aliyoionja alisema ilikuwa kama kulamba jivu lililomwagiwa sharubati. Ya pili ndiyo iliyopasuka.

Kesho yake alimpigia simu mama yake, ambaye ni shangazi yangu. Nami nilikuwa nimemtembelea siku hiyo, kwa hivyo nilisikia yote.

"Mama," akasema, "wewe ulikuwa ukitengeneza busaa. Nieleze ulivyokuwa ukifanya."

Shangazi alinyamaza kwa muda mrefu. Lazima nikueleze sababu, mpenzi msomaji. Shangazi alifiwa na mumewe akiwa na watoto watano. Shamba lake lilikuwa la kutosha mboga tu. Kila Alhamisi alikaanga unga, na kila Jumamosi nyua ilijaa wazee. Karo ya binamu yangu, kuanzia kidato cha kwanza mwaka wa 2001 hadi cha nne mwaka wa 2004, ilitoka katika chungu hicho. Mara mbili askari waliimwaga busaa yake mtaroni, na mara moja alilala korokoroni. Kijana wake alipomaliza mtihani wa mwisho, alivivunja vyungu, akaokoka, na leo ni mama anayeheshimika kanisani. Tangu wakati huo neno busaa halikutamkwa nyumbani mwake.

"Hayo yalikwisha," akasema hatimaye.

"Mama, chupa imepasuka pale mtoto anapokalia."

Hapo alivuta kiti akaketi. "Moshi uliutia lini?" akauliza.

"Bia ikiwa tayari kwenye ndoo, Mama."

"Na matunda?"

"Siku hiyohiyo. Nikangoja siku tatu."

Shangazi akacheka kwa mara ya kwanza. "Mwanangu, moshi hutangulia. Moshi hauji mwishoni kama chumvi. Na tunda halitiwi likanyamaza. Tunda huamsha."

Maneno hayo machache ndiyo sayansi yote ya jambo hili, nami nataka tuyatazame moja baada ya jingine.

Tuanze na moshi. Anayeifahamu busaa anajua kwamba unga wa mahindi hukandwa kwa maji ukawa mzito, ukafunikwa siku mbili tatu hadi ukawa mchachu, kisha ukakaangwa juu ya bati pana kwenye moto wa kuni. Mama husimama akiugeuza na kuugeuza hadi uwe wa kahawia na wenye chengachenga. Hapo ndipo rangi na harufu ya moto huingia, kabla pombe haijawa pombe. Kisha unga huo huchanganywa na maji pamoja na kimea cha wimbi, yaani wimbi lililooteshwa, likaanikwa na kusagwa. Mahindi yaliyokaangwa yana ladha lakini yamekufa. Wimbi lililoota lina vimeng'enya vilivyo hai, navyo ndivyo vinavyougeuza wanga wa mahindi kuwa sukari. Ukikosa kimoja, hakuna busaa.

Bia nyeusi ya Ulaya hufuata kanuni hiyohiyo. Zamani kimea kingi kilikaushwa juu ya moto wa kuni, na bia nyingi ilinuka moshi iwe mtu anapenda au hapendi. Katika karne ya 17 Waingereza walianza kukausha kimea kwa makaa ya mawe yaliyochomwa kwanza yakaondolewa moshi, na polepole ladha hiyo ikatoweka. Mwaka wa 1817, Mwingereza aitwaye Daniel Wheeler alipata hataza ya pipa la chuma linalozungushwa juu ya moto, mfano wa lile la kukaangia kahawa. Punje zilizokaangwa humo zilikuwa nyeusi kabisa, na chache tu zilitosha kuigeuza rangi bia nzima. Ndiyo asili ya bia nyeusi tunayoijua leo. Lakini katika mji wa Bamberg, kusini mwa Ujerumani, hawakuuacha moshi. Kiwanda kiitwacho Schlenkerla, ambacho nyumba yake imetajwa katika kumbukumbu tangu mwaka wa 1405, hadi leo hukausha kimea chake juu ya moto wa kuni. Bia yake ni nyeusi, na mgeni anapoionja kwa mara ya kwanza husema ina ladha ya nyama iliyokaushwa kwa moshi.

Unaona basi: kutoka Vihiga hadi Bamberg, moshi huwekwa kwenye nafaka, wala si kwenye kinywaji. Nafaka huushika moshi taratibu, na kupikwa kunakofuata hupunguza ukali wake. Ukiumimina mwishoni, hakuna cha kuupunguza.

Usidhani ni pombe tu. Wakalenjin wanapotengeneza mursik, hawatii moshi kwenye maziwa. Huchoma kijiti cha mti uitwao senetwet, wakasugua kwacho ndani ya kibuyu hadi kipakwe makaa, ndipo maziwa yaliyochemshwa na kupoa humiminwa. Hapo pia moshi hutangulia.

Shangazi alimpa mwanawe onyo jingine, nalo ni muhimu hata kwa wewe unayechoma nyama nyuma ya nyumba. Usitumie mti wenye utomvu kama msonobari, kwani moshi wake ni mchungu na huacha masizi. Wala usiguse mbao zilizopakwa rangi au dawa, au vipande vya mbao zilizogandishwa kwa gundi, kwa kuwa moshi wake ni sumu. Kuni ziwe kavu, za mti mgumu, na ikiwezekana za mti wa matunda.

Sasa tunda. Kabla ya kurudi Vihiga, shangazi aliishi Nakuru akiwa bibi arusi, na jirani yake alikuwa mama kutoka Murang'a aliyejua kutengeneza muratina. Pombe hiyo hutengenezwa kwa asali au maji ya miwa, na jina lake latokana na tunda la mti ambao kwa Kiswahili huitwa mwegea. Ni lile tunda refu linaloning'inia kama soseji kubwa. Likiwa bichi lina sumu, nawe usithubutu kulionja. Wenye ujuzi hulipasua, wakalichemsha na kulikausha juani, na ndipo hulitia kwenye kibuyu. Lakini sikiliza vizuri: hawalitii ili pombe iwe na utamu wa tunda. Hulitia kwa sababu hamira hujificha ndani ya nyuzi zake. Tunda hilohilo likishatumika hukaushwa na kutumiwa tena, nalo huanzisha kazi upya kila linapokutana na asali.

Hiyo ndiyo maana ya maneno ya shangazi kwamba tunda huamsha. Tunda lolote lina sukari, na ganda lake lina hamira za porini. Ukilitia kwenye bia iliyokwisha kutulia, kazi ya kuchacha huanza mara ya pili. Hebu tufanye hesabu ya binamu yangu. Kilo mbili za plamu zina sukari ya takriban gramu 200. Yeye alikusudia kufunga kwenye chupa gramu 120 tu, zile za kuleta povu. Ikiwa katika siku tatu hamira ilikula nusu ya sukari ya plamu, basi alifunga gramu 120 pamoja na nyingine 100, mbali na ile ya kimea ambayo pia haikuwa imekwisha. Gesi ikazidi karibu mara mbili, kipasha joto kikaichochea, na chupa ikasalimu amri.

Nakuomba usiharakishe kusema kwamba jambo hili halikuhusu. Mama anayesaga maji ya nanasi nyumbani, akayajaza kwenye chupa ya soda na kuifunga kabisa, akaiacha mchana kutwa katika joto la Mombasa, anacheza mchezo uleule. Nanasi nalo huamsha. Maji ya matunda ya nyumbani yawekwe kwenye friji na yanywewe upesi. Ikiwa chupa imevimba au imekuwa ngumu kama jiwe, usimpe mtoto aifungue. Na chupa ya kioo ndiyo hatari zaidi, kwa kuwa ya plastiki huvimba ikakuonya, ilhali ya kioo haionyi mtu.

Binamu yangu alianza upya mwezi wa Januari, safari hii akiongozwa na mama yake kwa simu ya video. Kati ya kilo 5 za kimea, alichukua kilo moja tu ya kutia moshi. Alikinyunyizia maji kidogo, akakitandaza juu ya wavu kwenye jiko la kuchomea nyama lenye kifuniko, mbali na makaa, akakifukiza kwa saa moja kwa vipande vya mti wa tufaha. Kisha alikiacha ndani ya mfuko wa karatasi kwa juma zima ili ukali upungue. Akaongeza gramu 300 za kimea cheusi kilichokaangwa, na kilichobaki kikawa cha kawaida, kile chenye vimeng'enya vilivyo hai.

Plamu hakuzigusa mpaka bia imechacha juma zima na povu kutulia. Alizitoa kokwa, akazigandisha usiku kucha ili nyama yake ilainike, kisha akazipasha moto hadi nyuzi 70 kwa dakika kumi ili kuua vijidudu. Hakuzichemsha, kwani plamu zikichemka hutoa ule utando ugandishao jamu, na bia huwa na ukungu. Zilipopoa alizitia kwenye chombo cha pili kilichosafishwa kwa maji moto na dawa, akamimina bia juu yake, akangoja siku 14.

Na hapa ndipo pana jambo ambalo hakulifanya mara ya kwanza. Kuna kipimo cha kioo kinachoelea, haidromita, kinachoonyesha sukari iliyobaki kwenye bia. Mwanzoni bia yake ilisoma 1.052. Baada ya zile siku 14 ilisoma 1.014. Hakufunga chupa. Alipima kesho yake, ikawa 1.014, na kesho kutwa, ikawa 1.014. Kipimo kisiposogea kwa siku tatu mfululizo, hamira imemaliza kazi yake, na ni hapo tu mtu anaweza kuongeza sukari ya povu na kufunga. Chupa alizipanga ndani ya sanduku lenye kifuniko, mahali pasipofikiwa na mtoto.

Huenda unajiuliza kuhusu vifo tunavyovisikia hapa nchini. Ni swali la haki. Novemba mwaka wa 2000, watu zaidi ya 100 walikufa katika mitaa ya Nairobi, Mukuru ukiwemo, baada ya kunywa pombe iliyokuwa na methanoli, na misiba kama hiyo imetokea tena baadaye. Methanoli ni kemikali ya viwandani, nayo hupofusha na kuua. Nafaka iliyochacha kwa njia ya kawaida haitoi methanoli ya kiasi cha kuua. Wanaoua ni wale wanaochanganya kemikali ili pombe iwe kali upesi na faida ije haraka. Tofauti kati ya mtu huyo na shangazi yangu ni subira. Yeye aliisubiri busaa siku zake zote, hata siku ambazo karo ilikuwa imechelewa na mwalimu amemrudisha mtoto nyumbani.

Chupa ya kwanza ya bia mpya ilifunguliwa mwezi wa Machi. Binamu yangu alisema moshi ulikuja mwanzoni, kwa mbali, kama wa jiko la jirani. Kisha ukafuata ule weusi wa punje zilizokaangwa. Na plamu ikabaki mwisho, kali kidogo, kwenye ncha ya ulimi. Jirani yake mwenye plamu alikunywa bilauri mbili na kuuliza mapishi hayo ameyatoa kitabu gani.

"Nilimwambia si kitabu," akamsimulia mama yake kwenye simu. "Nilimwambia ni mama yangu."

Shangazi hakuonja, wala hataonja. Ameshaweka nadhiri yake. Lakini nilipomwomba ruhusa ya kuandika kisa hiki, nilitarajia akatae. Alifikiri huku akichambua mboga, kisha akasema niandike, mradi niseme wazi kwamba pesa za busaa zilimsomesha muuguzi, na kwamba hakuna hata mteja mmoja aliyeugua kwa sababu ya chungu chake.

Nimesema, shangazi.

Nawe msomaji, ikiwa una nyanya au shangazi ambaye kazi yake ya zamani haitajwi nyumbani, iwe ni ya chungu, ya kibuyu au ya jiko la makaa, mwulize kabla ya mwaka huu kwisha. Huenda akanyamaza kwanza. Mngoje.

Hadi Jumapili ijayo, kwaheri.